Mume wangu ametoka Wanamaji, mbona haitwi mahojiano hata mara moja?

*Swali: Assalaam alaikum. Mume wangu alikuwa Wanamaji, fundi wa injini za boti za doria. Alitumikia miaka 19 akatoka mwaka jana na cheo cha sajini. Ana miaka 41, na tunaishi Langoni, Lamu. Tangu atoke ameomba kazi kaunti, ameomba bandarini, ameomba hata kuendesha boti ya wagonjwa, na hajaitwa popote. Kidato cha nne alipata D+, lakini vyeti vya kozi za jeshini anavyo faili nzima. Wenzake wanamwambia mwanajeshi mstaafu ana alama zake za ziada kisheria, asikubali kunyimwa. Kuna mwengine anasema tukimpa 80,000 ataingizwa. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri kwa ajili ya zile injini. Pesa za mkupuo tulijengea, na pensheni ya mwezi haifiki karo. Siku hizi hasemi, akitoka msikitini anakaa barazani tu. Je, kuna haki yake ambayo hatuijui? Na mimi mkewe nimsaidieje? Nakutumia na barua yake ya maombi uione.*

Wa alaikum salaam dada yangu. Nimeisoma barua yako na ya mumeo pia. Nahisi nyuma ya maswali yako mawili kuna la tatu ambalo hukuliandika: je, kuna mtu anamzuia? Kwa nilivyoona, hakuna. Nimefanya kazi ya uajiri serikalini miaka mingi, na watu waliotoka jeshini hukwama karibu wote mahali pamoja, tena mapema kabisa, kabla jina halijafika kwa mtu mwenye uwezo wa kumpenda au kumchukia. Mahali penyewe nitakuonyesha. Kwanza tulimalize hili la haki, kwa kuwa ndilo linalomkalisha barazani akingoja.

Zile alama za ziada zipo kweli, ila ziko Marekani. Kule kuna sheria ya mwaka 1944 inayompa mwanajeshi mstaafu anayeomba kazi ya serikali kuu alama 5 juu ya alizopata, na 10 akiwa aliumia kazini. Video zake zimejaa kwenye simu, na zikitafsiriwa watu husahau kusema ni za nchi gani. Sisi hapa Kenya tunafuata Katiba. Ibara ya 232 inataka ajira za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na ustahili. Tunayo pia Sheria ya Maveterani wa Jeshi ya mwaka 2022, iliyo chini ya Wizara ya Ulinzi. Ni sheria nzuri kuijua, inahusu masilahi na huduma za waliotumikia, na mumeo ahakikishe jina lake limo kwenye kumbukumbu za wizara. Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, kinaweza kumwelekeza. Lakini haikuja na alama za kuongezwa kwenye usaili, kwa hivyo asiingie nayo mbele ya bodi ya kaunti, ile inayoajiri, akitarajia kupishwa njia.

Sasa tuone kinachotokea bahasha yake ikishafika Mokowe, kwenye ofisi za kaunti. Siku ya mwisho ya tangazo ikipita, karani anakaa na maombi, pengine mia kadhaa kwa nafasi mbili, na jedwali kwenye kompyuta. Kila mwombaji anapewa mstari mmoja. Safu zinakwenda hivi: jina, kitambulisho, jinsia, kabila, wadi, ulemavu, elimu ya sekondari, cheti cha taaluma, miaka ya uzoefu, maoni. Mkono mmoja ameshika tangazo, mwengine anafungua bahasha. Tangazo likisema "cheti cha ufundi wa mitambo kutoka taasisi inayotambuliwa", yeye anatafuta karatasi yenye maneno hayo au yanayokaribiana nayo. Anafika kwa mumeo, anakuta cheti chenye nembo ya jeshi, jina la kozi limeandikwa kwa vifupisho ambavyo raia hawezi kuvifumbua, hakuna kiwango wala gredi. Hana ubaya naye. Anaandika kwenye safu ya mwisho, "hana cheti husika", anachukua bahasha inayofuata. Bodi inapokutana inapewa waliopita tu. Miaka 19 ya kazi imeishia hapo.

Kwa hivyo dawa ya tatizo lake ni kuugeuza ujuzi uwe karatasi ambayo karani raia anaisoma. Hapo ndipo pa kutia nguvu, na inachukua miezi, nisikudanganye.

Aanze na rekodi za jeshi lenyewe. Cheti cha kumaliza utumishi anacho bila shaka, lakini hakitoshi. Aandike barua kwa Wanamaji, Mtongwe, aombe maelezo rasmi ya utumishi wake: alifanya kazi gani, kwa miaka mingapi, kozi zipi na zilichukua muda gani, na kwa kuwa alikuwa baharini, muda aliokaa chomboni. Jeshi lina mafaili hayo. Tatizo ni kwamba wengi hutoka na furaha ya kurudi nyumbani, wakaja kukumbuka karatasi baada ya mwaka, na hapo inabidi kuandika na kufuatilia. Afuatilie.

Akishapata hiyo, aende NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wana kituo Mombasa. NITA wanatoa majaribio ya ufundi ya serikali, gredi ya 3, ya 2 na ya 1, na huhitaji kuwa umesoma darasani ndipo ufanyiwe. Unakuja na mikono yako, unapewa injini, unaifungua na kuifunga mbele ya mtahini. Kwa mtu aliyelala na kuamka na injini za dizeli miaka 19, huu ndio mtihani wa haki kuliko yote aliyowahi kufanya, na ile D+ ya kidato cha nne haimfuati mle ndani. Gredi ya NITA ndiyo karani anaijua. Matangazo mengi ya mafundi, kaunti na serikali kuu, huitaja kwa jina. Tena kuna mpango wa KNQA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 kusimamia sifa za masomo nchini, wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa chuoni. Aulize hapo hapo NITA ni kituo gani kinachofanya tathmini hiyo kwa fani yake. Lakini gredi iwe ya kwanza, hiyo nyengine ifuate.

Bandari ni habari nyengine, na hapa nataka nieleze kwa kina kwa sababu naona watu wa Lamu wengi wanaumia nayo tangu gati la kwanza pale Kililana lifunguliwe Mei 2021. Vijana na wazee waliliangalia lile gati wakasema sisi ni watu wa bahari, kazi zimetufuata. Lakini bandari iko chini ya KPA, shirika la serikali linaloajiri lenyewe, na kazi zake za majini zinafuata viwango vya mabaharia vya dunia, vile vya mkataba wa STCW wa mwaka 1978. Mkataba huo umeandika waziwazi ni nani hawamo: walio kwenye manowari na vyombo vya serikali visivyofanya biashara hawamo. Walio kwenye vyombo vya mbao vya kienyeji pia hawamo. Yaani sajini wa Wanamaji na nahodha wa jahazi la Shela, wote wawili waliokula chumvi ya bahari maisha yao yote, kwa macho ya mkataba ule wanaanzia karibu mlango mmoja. Inaudhi, najua. Ukiwa na habari hiyo, hata hivyo, huwezi tena kushangaa kwa nini cheti cha Wanamaji kikipelekwa bandarini kinarudi.

Njia ipo, kupitia KMA, mamlaka ya ubaharia, makao makuu yake Mombasa. Mtu hufanya kozi za msingi za usalama, yaani kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza na wajibu wa baharia, na Bandari Maritime Academy wanazifundisha. Kisha muda wake wa baharini unaangaliwa ili kujua ni cheti gani anaweza kukiomba. Kozi hizo si za bure. Na kabla hajalipa hata shilingi, apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa na KMA, kwa sababu baharia lazima apite kipimo cha macho na masikio. Sikio la kushoto linaweza kumfungia mlango wa meli. Afadhali alijue hilo kwa ada ya daktari kuliko kwa ada ya kozi nzima.

Kwa boti ndogo, kama hiyo ya wagonjwa aliyoiomba, mambo ni mepesi zaidi. KMA hutoa leseni ya unahodha wa vyombo vidogo. Kaunti yenye visiwa kama vyetu haiwezi kuishi bila watu wa kuendesha na kutengeneza boti: afya wanazo, uvuvi wanazo, na walinzi wa pwani, KCGS, kikosi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, ndiyo kazi yao. KWS, shirika la wanyamapori, nao wana hifadhi za bahari kuanzia Malindi na Watamu mpaka Kiunga. Fundi mwenye gredi ya NITA na leseni ya unahodha mkononi ni mtu adimu. Anaweza kuipeleka boti Faza usiku, na ikizima katikati ya mkondo akaiwasha. Waajiri wanapenda mtu anayejaza nafasi mbili kwa mshahara mmoja, hilo nalo tuliseme.

Sasa barua yake. Ameandika: "Nilitumikia taifa kwa uaminifu na nidhamu ya hali ya juu, nikatekeleza majukumu yote niliyopewa na wakubwa wangu katika idara ya uhandisi." Ni maneno ya kweli, na ndivyo jeshi linavyomfundisha mtu kujieleza, asijitangulize. Lakini karani akiyasoma hana la kuandika kwenye jedwali. Wewe kaa naye, umuulize maswali ya kijinga kabisa: ulikuwa ukiamka ukifanya nini? Injini ya aina gani? Ikiharibika nani alikuwa akiitwa? Ulikuwa na vijana wangapi chini yako? Vipuri vikiisha nani aliandika? Majibu yake ndiyo wasifu. Utajikuta umeandika kitu kama hiki: "Fundi wa injini za dizeli za baharini kwa miaka 16. Nimefanya sevisi na kufungua injini nzima, giaboksi, pampu za dizeli na nozo. Nimesimamia mafundi na kuwafundisha wapya. Nimetunza daftari la mafuta na vipuri na kuandaa maagizo ya ununuzi." Weka idadi za kweli tu, zile anazoweza kuzitetea akiulizwa. Halafu kila tangazo jipya likitoka, yachukue maneno ya tangazo lenyewe, palipo na ukweli, uyatie kwenye barua. Barua moja ya kutuma kila mahali ndiyo iliyomfikisha hapa.

Tahadhari moja: asiandike boti zilikuwa ngapi, zilikwenda wapi, silaha gani, au operesheni ipi. Kiapo hakikuisha siku aliyovua sare. Ufundi unaelezeka wote bila ya hayo.

Na hili litakuokoeeni pesa. Watu wanakimbilia cheti cha tabia njema, cha kodi, cha EACC (tume ya kupambana na ufisadi), cha HELB (mikopo ya masomo), cha mikopo mengine, kila tangazo likitoka. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri anapaswa kudai hati hizo kwa yule anayekusudia kumwajiri, si kwa kila mwombaji. Wapo ambao bado wanazitaja kwenye matangazo, kwa hivyo soma vizuri, lakini usiuze mbuzi kwa ajili ya vyeti vya kazi ambayo hujaitwa.

Kuhusu sikio, mpeleke akapimwe kwa sababu zake mbili. Ya kwanza, aangalie kama wakati wa kutoka madaktari wa jeshi waliliandika. Kama lilitokana na kazi, hiyo ni habari ya fidia baina yake na Wizara ya Ulinzi, haihusiani na ajira mpya, na ina karatasi zake. Ya pili ni ulemavu. Tathmini hufanywa hospitalini na usajili ni wa Baraza la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Sikio moja pekee huenda lisitoshe kuhesabiwa, tathmini ndiyo itakayosema. Likihesabiwa, ile safu ya ulemavu kwenye jedwali inajazwa, na serikali inatakiwa ifikie asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Umri wa kustaafu nao unakuwa 65 badala ya 60. Wanaume wengi waliotoka jeshini hawataki kuisikia habari hii, wanaona ni kudhalilika. Usimlazimishe. Mwambie tu kwamba lile sikio alilitoa kazini.

Kuna milango ambayo ningemwambia asiigonge. Polisi wanaajiri makuruti wa miaka 18 hadi 28, huko kumempita. Unaibu chifu watu humsukumia kila mwanajeshi mstaafu, na ni kazi inayowafaa wengi wao kweli, lakini matangazo yake mara nyingi hutaka C- ya kidato cha nne kwenda juu, na yeye ana D+. Ulinzi wa getini upo muda wote na si kazi ya aibu, ila kumweka fundi wa dizeli getini ni kumpoteza, na mshahara wake utakula ule muda anaohitaji kwenda Mombasa kutafuta gredi. Kama karo imebana, ningependelea achukue kazi za injini za boti hapo Lamu kwa siku, gati limejaa boti mbovu, huku makaratasi yakiendelea. Tena aandike kila kazi na kumbukumbu ya mwenye boti, ni uzoefu huo.

Akija kupata, aulize mapema ni ajira ya kudumu au ya mkataba. Kaunti nyingi siku hizi hutoa mkataba wa miaka michache, na si vibaya kwa mtu mwenye pensheni. Ila kabla hajasaini, aandikie idara inayomlipa pensheni aulize kama mshahara wa serikali utaigusa, na jibu alipate kwa maandishi.

Huyo wa 80,000, msimpe hata senti. Kazi za PSC, tume ya utumishi wa umma, na za bodi za kaunti haziuzwi fomu wala nafasi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, na kifungo chake kinafika miaka 10. Mtu aliyetumikia miaka 19 bila doa atakuwa amelinunua doa lake mwenyewe. EACC wana ofisi Malindi mkitaka kumripoti.

Limebaki lile la kukaa barazani bila kusema. Inaweza kuwa ni uzito wa kawaida wa mtu aliyezoea kuamshwa na king'ora na sasa haamshwi na mtu. Huo hupungua akipata la kufanya, na safari ya Mtongwe na NITA ni la kufanya. Lakini mtazame usiku. Kama halali, anashtuka kwa kishindo kidogo, amekuwa na hasira asizokuwa nazo, ameanza ulevi au anatafuna miraa usiku kucha, au anasema maneno ya kuchoka na maisha, hilo si suala la kazi tena na halingojei kazi. Mpeleke hospitali ya King Fahd hapo Lamu, mwelezeni daktari kwamba alikuwa jeshini, muombe aonwe na mhudumu wa afya ya akili. Likiwa ni hilo la mwisho, nendeni siku hiyo hiyo. Kama hakusikii wewe, mtume mwenzake waliyetumikia pamoja, hao husikizana.

Sasa lile ombi la boti ya wagonjwa. Bado lina kazi. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, anaweza kuiandikia bodi ya kaunti aulize kwa adabu ni sharti gani hakulitimiza, na wana siku 21 za kumjibu. Akiona jibu halina haki, sheria ya serikali za kaunti inamruhusu kukata rufaa PSC. Sitarajii mfike huko. Ninachokitaka ni kujua walichoandika kwenye ile safu ya maoni, kwa sababu hicho ndicho cha kurekebisha kwanza. Chapisheni barua nakala mbili, mvuke nazo Mokowe, na msiondoke mapokezi mpaka nakala yenu imegongwa muhuri na tarehe. Jibu likija, nitumie.